Fomu Aliyojaza Baba

Walthamstow, London
22 Februari 1998

Kwa mama yangu Bi Jokha,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute mzima wa mwili, maana wa moyo najua huwezi kuwa. Sisi huku hatujambo, mimi, Riyadh na mjukuu wako Sundus, ila baridi inatupiga na machozi yangu hayajakauka.

Mama, nisamehe. Simu ya msiba ilipokuja nilikuwa kazini, katika ile nyumba ya wazee, namlisha bibi mmoja uji wake. Nilimaliza kumlisha. Sijui kwa nini, lakini nilimaliza mpaka kijiko cha mwisho, nikampangusa mdomo, ndipo nikaenda kulia chooni. Riyadh alikuwa ameshaanza kuulizia tiketi. Nikatoa paspoti yangu kwenye droo, nikaifungua, nikaona imekwisha muda wake tangu Novemba. Miaka kumi imepita na wala sikuitazama. Baba akazikwa Alasiri ile ile, na mimi nimekaa kitandani Walthamstow, nimeshika kitabu kisichoweza kunifikisha popote.

Sasa nataka nije ukimaliza eda. Nimehesabu miezi minne na siku kumi, inaishia katikati ya Juni. Siku utakayotoka ndani sitaki mtu wa kukupokea mlangoni awe mwingine. Nimekwenda ubalozini, wamenipa fomu mpya, na wanataka cheti changu cha kuzaliwa, kile chenyewe. Najua Baba alitia karatasi zote katika lile kopo la biskuti lenye picha ya farasi. Naomba unitafutie, kisha mtu akipeleke posta kwa rejista.

Usiache kula kwa ajili ya huzuni. Juzi nilimsimulia Sundus jinsi Baba alivyokuwa akimenya chungwa, ganda moja refu bila kukatika, halafu anatupa sisi chungwa yeye anabaki na ganda. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, lakini alikuwa analia.

Mtoto wako,
Ghalia


Wete, Pemba
20 Machi 1998

Mwanangu Ghalia,

Marahaba. Barua yako imefika Jumanne na nimeisoma mwenyewe kwa miwani ya marehemu, ambayo inanifaa jicho moja. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Mpe salamu mumeo, na Sundus mbusu.

Eda naikaa vizuri. Sitoki, sijipaki kitu, nguo zangu nyeupe. Bi Mize anakuja kila asubuhi kunihadithia mambo ya nje, na siku ambayo hana jipya anatunga. Jana kaniambia mbuzi wa sheha wa mtaa kaingia skuli akala ramani ya Afrika. Nikamuuliza kaanzia wapi, akasema kaanzia Misri. Nikacheka, kisha nikaona haya, maana baba yako hajatimiza arubaini.

Usijilaumu kwa kutofika. Hakuteseka. Alisali Alfajiri, akaomba chai, na nilipoileta nikamkuta ameshaondoka. Chai ile ilikaa pale pale mpaka jioni, hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Kuhusu cheti, nimefungua kopo. Limeshika kutu na maji ya mvua yameingia. Zimo kadi za hospitali, zimo barua zako zote tangu ulipoondoka mwaka 1988. Cheti sikukiona. Labda kimeharibika. Je, hiyo paspoti ya zamani haitoshi? Si walikupa wao wenyewe? Waambie hivyo kwa upole.

Mama yako,
Jokha


Walthamstow
19 Aprili 1998

Mama yangu,

Shikamoo, na natumaini Idi ilikukuta salama. Kikohozi alichonitajia Bi Mize kwenye simu ya dukani kimekwisha? Anasema wewe unadai ni vumbi. Vumbi gani hilo na wewe hutoki?

Niliwaambia kwa upole kama ulivyosema, nao wakanijibu kwa upole kwamba haitoshi. Paspoti ya kwanza Baba aliishughulikia mwenyewe kule nyumbani, akatumia barua ya sheha bila cheti. Siku zile iliwezekana. Siku hizi hawakubali.

Picha nimeshapiga. Nilikwenda mpaka Rayners Lane, kwenye duka la Damyanti, yule aliyezaliwa Darajani, Unguja, ambaye Riyadh anamfanyia kazi. Akaniambia, "Weye Ghalia, usitabasamu, hii si picha ya harusi." Nikamwambia sina la kutabasamia, nimefiwa na baba. "Basi hata huzuni usiitie," akasema. "Hawa wanataka uso usiokuwa na habari." Halafu akatoka nyuma ya kamera akanikumbatia, tukakaa hivyo mpaka mteja akaingia. Picha imetoka macho mekundu, lakini ni nyeusi na nyeupe, hayaonekani.

Kwa kuwa kopo limeingia maji, nimeona njia nyingine. Nitamwandikia karani wa vizazi na vifo hapo Wete, anitolee nakala kutoka kwenye daftari lao. Wewe usisumbuke na eda yako. Nikiandika wiki ijayo, labda Juni nitawahi.

Mtoto wako,
Ghalia


Wete
16 Mei 1998

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nina homa kidogo, kwa hiyo sitaandika mengi.

Usimwandikie karani wa vizazi na vifo. Nakuomba, Ghalia. Watu wa ofisi wana midomo, na mambo ya nyumba ya baba yako hayana haja ya kupita mezani kwao. Subiri nitoke eda, nitakwenda mwenyewe nikalishughulikie. Kama hukuwahi Juni, utakuja baadaye. Mimi nipo.

Usiandike kwao. Niahidi.

Mama yako,
Jokha


Walthamstow
2 Agosti 1998

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Sina barua yako tangu Mei, na kama ulivyoniomba, kwa karani sikuandika. Siku uliyotoka eda nilipiga simu dukani, nikasikia watu wamejaa nyuma yako, nawe ukasema alhamdulillahi mara tano, hukusema kingine. Nikajua kuna kitu. Leo nakwambia nilichokiona, na unisamehe kama nakosea.

Wiki iliyopita nilikwenda tena ubalozini. Dada anayeshughulikia fomu, mtu wa Bara, mpole, alifungua jalada langu la zamani, lililoletwa kutoka nyumbani, akanionyesha ile fomu ya mwaka 1987. Mama, mwandiko wa Baba! Zile herufi zake zimelala kama zimechoka. Na penye jina la mama ameandika Jokha binti Saleh. Ameliandika polepole, kwa kuwa maneno mengine yote wino umekimbia, lakini jina lako limekaa sawa.

Nilipoliona hapo ndipo nikajua kwa nini cheti hakionekani.

Kama umekificha kwa sababu kina jina jingine, usikifiche tena. Najua. Nimejua tangu nina miaka kumi na moja. Ilikuwa harusi ya jirani, wanawake wako uani wanapika, mimi nimebeba sinia. Bi Mize akasema, "Mtoto huyu kachukua shingo ya marehemu mama yake." Nikageuka kukutazama wewe, uko pale unakamua tui, mzima, jasho linakutoka. Mwanamke mmoja akamfinya Bi Mize, wote wakanyamaza. Nikajua kwa ule ukimya wao.

Jioni ile ulinisuka nywele. Ukaniuliza mbona nimenyamaza, nikasema kichwa kinauma. Ukanipaka mafuta ukanikanda mpaka nikalala, na kichwa hakikuwa kinauma. Sikukuuliza kwa sababu niliogopa ukishanijibu hutanikanda tena. Ilikuwa akili ya kitoto, lakini mtu mzima naye akairithi, miaka ishirini na moja nimekaa nayo.

Nitumie cheti, mama. Nataka kuja kukuona. Sina haja nyingine.

Mtoto wako,
Ghalia


Wete
5 Septemba 1998

Ghalia mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mimi sijambo ila kifua.

Cheti hiki hapa, ndani ya bahasha. Hakikuharibika. Tangu siku ulipokiomba nilikitoa kwenye kopo nikakilalia chini ya godoro, na kila usiku nikakisikia, ijapokuwa karatasi haisikiki. Nilidhani nikikituma nitakupoteza kwa posta.

Baba yako ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema mpaka uolewe. Ulipoolewa akasema sasa ya nini. Na mimi nilimtii, na kusema kweli kumtii hakukunipa tabu.

Basi sasa nikwambie. Dada yangu Ruzuna alinipita miaka mitatu. Alikuzaa wewe Ijumaa, Jumatatu akafariki. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshaposwa na kijana wa Mtambwe. Wazee walikaa wakasema mtoto asilelewe na mwanamke wa mbali, ndugu mtu aingie nyumba ya ndugu yake. Posa ikarudishwa, nikaozwa kwa baba yako. Sikuulizwa. Wangeniuliza ningekubali, maana ulikuwa hunyamazi kwa mtu yeyote. Hata kwangu hukunyamaza, ila ulilia kwa adabu kidogo.

Unataka kujua alikuwaje. Alikuwa mchelewaji. Alipokuwa na mimba yako alikula mchele mbichi kwa siri, akitembea nao kwenye ncha ya kanga, nami nikamgombeza. Angekuwa hai ningemwacha ale gunia zima. Shingo ni yake kweli, Bi Mize hakusema uongo.

Na wewe umeniambia baba yako aliandika jina langu. Mahali hapo nimepasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Hakuniambia. Maisha yetu yote aliniita Bi Jokha, kama mtu anayemkaribisha mgeni. Mara nyingine alikosea akaniita Ruzuna, halafu akatoka kukaa barazani mpaka Isha, na tukirudi kula hatusemi. Mimi sikujaaliwa kuzaa. Nilidhani kwake mimi ni mlezi wa mtoto wake, basi. Kumbe alikaa na kalamu akaniandika.

Kwa kuwa sasa unajua, nami nitie sahihi kwa haki. Nimechukua nyumba ya dada yangu. Asije akasema nimechukua na mtoto.

Mama yako mdogo,
Jokha


Walthamstow
4 Oktoba 1998

Mama,

Shikamoo. Nimepokea bahasha. Barua niliisoma jikoni nimesimama, na nilipofika kwenye sahihi yako nikakaa chini. Sitasema mengi kuhusu sahihi hiyo. Naomba tu usiitie tena.

Kifua umekwenda kukionyesha hospitali? Naomba unijibu hilo kwa urefu, usiniambie vumbi.

Cheti nimekipeleka. Yule dada mpole akakitazama, akaitazama fomu ya Baba, akavua miwani. Anasema jalada moja haliwezi kuwa na mama wawili. Cheti kinasema Ruzuna, fomu inasema Jokha, na mtu akiona hivyo atadhani paspoti ya kwanza ilikuwa ya mtu mwingine. Nikamweleza yote, tangu Ijumaa mpaka Jumatatu. Nikamwambia aliyeandikwa na Baba ndiye mama. Akanishika mkono. "Dada yangu," akasema, "mimi nakuamini. Jalada ndilo lisiloamini."

Linalotakiwa, mama, ni kiapo cha mahakamani. Yule aliye hai, ambaye jina lake limeandikwa, aape kwamba hakunizaa. Nimeona ujue, kwa kuwa tumemaliza kufichana.

Lakini nimemwambia hapana. Nimekusanya karatasi zangu nikapanda treni. Sitamtuma mtu aliyenilea akasimame mbele ya watu anikane ili mimi nipate kitabu. Riyadh kakasirika. Kaniuliza, "Unataka kumwona mama yako au unataka kushindana na karatasi?" Nikamwambia vyote viwili. Nitatafuta njia nyingine. Watu wanasema niombe uraia wa hapa, ingawa huchukua miaka. Wewe tunza afya tu.

Mtoto wako, na sitii neno jingine hapo,
Ghalia


Wete
22 Novemba 1998

Ghalia,

Natumaini nyote hamjambo. Mimi nimepigwa picha ya kifua. Daktari kasema nipumzike, nisipike kwa kuni. Bi Mize ananipikia, chumvi haijui.

Umesema utasubiri miaka. Mimi miaka hiyo sinayo ya kukupa. Kwa hiyo nimekwenda.

Sheha alifuatana nami kuwa shahidi. Mahakamani kulikuwa na watu wa kesi ya ng'ombe, wakatupisha. Karani alikuwa kijana wa Chake, ana haraka. Akaandika, kisha akanisomea: "Mimi Jokha binti Saleh, wa Wete, naapa kwamba mimi si mama wa Ghalia Abdulsamad."

Nikamwambia, "Futa."

"Nifute nini, bi mkubwa?"

"Hapo penye si mama. Andika sikumzaa."

"Ndiyo hayo hayo."

"Kama ndiyo hayo hayo, basi hupungukiwi kitu ukiandika ninavyosema mimi."

Watu wa ng'ombe wakacheka. Mmoja akasema, "Bibi huyu angekuwa wakili wetu tungeshakula nyama." Hakimu akauliza kelele za nini, akaelezwa. Akasema, "Mwandikie anavyotaka."

Nilikuwa na udhu. Nikaweka mkono juu ya Msahafu nikasema kwamba aliyemzaa Ghalia ni Ruzuna binti Saleh, na mimi sikumzaa. Sikusema uongo hata neno moja. Lakini nilipotoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sheha akaninunulia soda, nikaishika tu mpaka ikapata joto. Nilikuwa nasema na baba yako moyoni. Nilimwambia, lile uliloliandika peke yako bila kuambiwa na mtu, leo nimekwenda kulifuta mbele ya watu wa ng'ombe.

Karatasi ina mihuri miwili, ndiyo hii. Usinikasirikie. Mtu akishaapa hawezi kutia sahihi kama zamani, lakini njoo. Njoo upesi.

Jokha


Walthamstow
20 Januari 1999

Mama yangu,

Shikamoo, na Idi njema. Jana tuliswali, Sundus akavaa lile gauni ulilomtumia, limembana mabegani lakini kakataa kulivua hata kulala.

Sikukukasirikia. Niliisoma barua yako kwenye basi nikapitiliza vituo vitatu. Nimeandika majibu mara nne nikayachana. Leo nina jibu moja zuri, kwa hiyo naandika.

Paspoti imetoka. Nimekata tiketi ya tarehe 8 Februari. Tarehe 9 nitakuwa Unguja, na mchana huo huo nitavuka kuja Pemba. Nimepewa wiki tatu kazini.

Nikwambie kitu. Nilipoipokea niliifungua palepale kwenye ngazi za ubalozi, ukurasa kwa ukurasa. Jina langu limo, tarehe yangu imo, Wete imo, na ule uso wangu wa kwa Damyanti. Jina la mama halimo. Si lako, si la Ruzuna. Hawakuliandika kabisa, wala hakuna mahali pake. Yote yale, mama, na hakuna mahali pake. Nikarudi ndani kumuuliza yule dada, akaniambia hilo hubaki kwenye jalada tu. Alikuwa na haya kuniangalia.

Nitakapofika nitalala chumba chako, sitaki cha wageni. Nikukande mimi kichwa safari hii. Usipike. Usifanye kitu. Kaa tu.

Mtoto wako,
Ghalia


Wete, Pemba
12 Februari 1999

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeizoea njia hii ya kusema nawe, sijui nyingine, kwa hiyo naandika hivyo hivyo, nimekaa kwenye kitanda chako upande wa ukutani.

Walinipigia simu Jumatano, tarehe tatu, kwamba umefariki Alfajiri. Tiketi ya mapema haikupatikana. Nilisafiri kwa tarehe ile ile niliyokwambia, nikijua nakuja kwenye nyumba isiyo na wewe. Nilifika siku ya sita. Uwanja wa ndege walifungua paspoti, wakapiga muhuri, wala hawakuniuliza neno.

Barua yangu ya Januari ilikuwahi. Bi Mize anasema uliisoma kwa wageni wote, hata kwa muuza samaki. Anasema ulimtuma akakutafutie kuku wa kunichinjia, ukawakataa watatu, mmoja mwembamba, mmoja mgomvi, mmoja hukupenda macho yake. Wa nne ulimkubali. Yupo, anazunguka uani, na hakuna mwenye moyo wa kumshika.

Wanawake wanaendelea kuja kunipa mkono. Kila mmoja anasema pole kwa kufiwa na mama. Kaburi lako limewekwa karibu na la Ruzuna, la Baba liko upande wa pili. Nilisimama katikati yenu nikashindwa kujua nianze kumwombea nani, nikawaombea kwa pamoja.

Leo asubuhi nilikwenda kwa sheha kuandikisha kifo chako, kwa kuwa ilikuwa haijafanywa, wakinisubiri mimi. Akaandika jina lako, umri, mtaa, ugonjwa wa kifua. Halafu akaweka kalamu chini.

"Ghalia," akasema, "hapa pana mahali pa mtoa habari, na uhusiano wake na marehemu. Mimi nilikuwepo mahakamani. Nilitia sahihi yangu. Nikuandike nani?"

"Mtoto."

"Mtoto wa dada?"

"Mtoto."

Nje wale mbuzi wake wanalia. Nikadhani ataniambia habari za sheria, nami nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Akachukua kalamu akaandika neno moja, kwa herufi kubwa, akaligeuza daftari upande wangu.

"Tia sahihi basi," akasema. "Kile kiapo kilikuwa chake. Hili ni lako."

Nikatia. Limo kwenye daftari la serikali, mama, hapa Wete, na halitoki. Kama kuna kosa ni langu, wewe hukusema ila kweli.

Tarehe mosi Machi narudi London. Sundus ananisubiri, na wazee wangu wa kule wanahitaji kulishwa. Huko uliko, ukionana na Ruzuna, mwambie nimefika kaburini kwake, na umpe salamu zangu kwa adabu, maana hatujuani. Baba mwambie nimeuona mwandiko wake.

Na mimi, mama, unikumbuke.

Mtoto wako,
Ghalia